Motoka Iliyonywewa Mbele ya Kufika

Mama Léonie aliingia katika duka la magari akiwa na viti sita kichwani.

Vilikuwa viti vya plastiki, vyeupe, vimepangwa kimoja juu ya kingine kama sahani, na chini ya kila kimoja kulikuwa herufi L ya rangi nyekundu, aliyoipaka yeye mwenyewe ili visipotelee kwenye matanga ya watu. Nyuma yake alikuja mume wake, Edouard, mikono mitupu, akitazama sakafu iliyong'aa kama mtu asiyejuana na mwanamke huyo. Mlinzi wa mlango akawakatia njia.

— Mama, hapa banauzishaka motoka. Biti ni ku soko.

— Minayua, baba. Biti yangu njo inakuya kuangalia motoka.

Mlinzi akasogea pembeni, wakapita.

Ndani ilisimama pikapu moja nyeusi, mpya kabisa, imesafishwa mpaka uso wako unaonekana mlangoni. Mama Léonie hakuutazama uso wake. Alizunguka moja kwa moja mpaka nyuma, akafungua mlango wa karoseri, pale pa kubebea mizigo, akalaza viti vyake ndani, kisha akajaribu kufunga. Haukufunga. Akavigeuza. Haukufunga tena. Miguu ya viti ilibaki nje kama ya kuku katika kikapu.

Kijana mmoja alitoka mbio nyuma ya meza, shati lake limenyooshwa vizuri, tabasamu tayari. Jina lake Doudou, ndiye muuzaji.

— Maman! Karibu, Maman! Hii iko na caméra ya nyuma. Iko na écran kubwa sawa televisheni. Siège ni ngozi, bantu batano banaikala bila kusukumana...

— Mwana wangu, mi natafuta mugongo, weye unanionyesha sura.

Edouard akakohoa. Alikuwa ameanza kukaribia usukani taratibu, kama paka anayekaribia sahani ya samaki.

— Unataka kubeba nini, Maman? akauliza Doudou.

Hapo macho ya Mama Léonie yakaangaza. Ukitaka kumfurahisha mwanamke yule, muulize kitu ambacho anaweza kukijibu kwa kitendawili.

— Iko na miguu ine, haitembee, lakini banaialikaka mu kila karamu.

Doudou alifikiri sana. Akasema:

— Mbuzi.

— Mbuzi inatembea, mwana. Inatembea yenyewe mpaka ku chungu.

Hata mlinzi alicheka kule mlangoni. Jibu lilikuwa limelala mbele yao, miguu nje.

Kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mtaa wote wa Naviundu, hapa Lubumbashi, ulimwita Mama Viti. Ukiwa na ndoa, ubatizo, diploma ya mtoto, au Mungu akikuletea msiba, ulituma mtu kwa Mama Viti naye akaleta viti, turubai, na masufuria makubwa yenye kuivisha bukari, yaani ugali, ya watu wote. Alikuwa na sifa moja aliyoilinda kuliko sufuria zake: viti vyake vilifika mbele ya watu, kabla yao. Mgeni hakusimama hata mara moja. Lakini pikapu yao ya zamani ilikuwa imekufa uani, na sasa kuku mmoja mwekundu alikuwa akitagia mayai pale palipokuwa na siti ya dereva.

— Mi nataka cabine moja tu, akasema Mama Léonie. Karoseri ndefu. Hakuna écran. Biti yangu ilale, mulango ifunge.

Doudou alijikuna kisogo.

— Maman, hiyo haipatikane mingi. Bantu ba leo banapenda kuikala bengi mbele. Itaomba kufanya commande.

— Commande inakamata wakati gani?

— Kidogo tu, Maman.

Basi wakaagiza, kwa akiba yao ya miaka na kwa msaada wa mtoto wao Mumba anayefanya kazi Kolwezi. Na hiyo "kidogo tu" ya Doudou ilikuja kuota ndevu.

*

Sasa nyumba ya Mama Léonie na Edouard ilikuwa na desturi yake. Jioni, bukari ikiisha, mama alisema: "Ninakutegea." Naye Edouard alijibu: "Tega tu, nitaanguka." Na alianguka kweli. Alikuwa dereva mzuri sana, maisha yake yote aliendesha gari la bosi mmoja wa mtaa wa Karavia bila kuligonga hata kwenye ua, lakini mbele ya kitendawili alikuwa kama mtu aliyefungwa macho. Akishindwa, alipaswa kutoa mji. Ndivyo kanuni ilivyo: nipe mji, nikuambie jibu. Kwa miaka hiyo yote alikuwa amekwisha kumpa mke wake Kipushi, Likasi, Kambove, Kolwezi, Kasenga na Pweto, na alipoishiwa akarudi akampa Kipushi tena. Mji mmoja tu alikataa kuutoa.

— Lubumbashi, hapana. Ni hapa ninalala. Nikikupa, nitalala wapi?

— Utanilipa kodi ya nyumba, mama alimjibu kila mara.

Siku moja Doudou alituma picha kwenye simu ya Edouard. Pikapu nyeupe, kabini moja, karoseri ndefu kama kitanda cha mtu mrefu. Chini aliandika: "Hii njo yenu. Iko mu bateau."

Edouard aliiangalia picha hiyo mpaka mboga ikapoa. Mjue kwamba mtu huyu alishika funguo za gari kila asubuhi kwa miaka mingi, na kila jioni alizirudisha. Hakuna gari hata moja lililolala kwake likiwa zima na jipya. Basi alivaa viatu, akasema anaenda kunyoosha miguu, na miguu ikamnyooshea mpaka kwa Mwaba.

Kwa Mwaba ni pahali pa kunywea, pale karibu na daraja. Mwaba mwenyewe ni mtu mnene, sauti yake inasikika ng'ambo ya mto. Edouard aliketi, akatoa simu, akaionyesha picha kwa mtu mmoja tu. Mmoja akampasia wa pili, wa pili akampasia wa tatu.

— Vieux Edouard! akapiga kelele Mwaba. Motoka mupya, na makoo yetu iko mikavu? Tunaaroze siku gani?

Hapa kwetu mambo ni hivyo. Mtu akipata kitu kipya, iwe nyumba, redio au hata jozi ya viatu, majirani watamwambia akinyunyizie, akiaroze. Maana yake ni kwamba wao ndio watakaonyeshewa, ndani ya koo. Kitu kinamwagiwa tone moja, watu wanakunywa yaliyobaki.

— Ikifika, akasema Edouard.

— Ikifika! Munasikia? Anaikamata mu mukono, anasema haiyafika!

Wote wakacheka, na Edouard akajitazama mkono. Kweli ilikuwemo. Nyeupe, ndefu, inang'aa. Moyo wake ukalegea. Akaita pombe kwa walevi, akaita sucré, yaani soda, kwa wale waliookoka, na kila aliyepita njiani akasikia habari akaingia. Mwishowe Edouard alisimama, akaiweka simu juu ya meza, akamimina povu kidogo juu ya kioo chake na kusema kwa heshima:

— Ukuye muzuri, mwana. Njia ikuwe mwepesi.

Alipofika nyumbani mke wake alichukua simu ili ampigie Mumba. Akaisogeza kwenye pua.

— Baba Mumba, simu hii inaanza kunywa siku gani?

— Tuliaroze kidogo.

— Muliaroze nini?

— Motoka.

— Motoka gani?

Edouard alitazama dari, kama jibu limeandikwa pale.

— Picha, akasema.

Mama Léonie alikaa chini. Alitaka kukasirika, kicheko kikamzuia, akataka kucheka, hasira ikamzuia. Mwishowe akamwambia polepole, kama anamwambia mtoto:

— Mutoto banamuoshaka kisha kuzaliwa. Habamuoshe mu tumbo. Munanyunyizia picha, Baba Mumba! Sasa ile motoka yenyewe itakuya kufanya nini? Salamu yake banamaliza kuikunywa.

*

Tangu siku hiyo simu ya Edouard ilishikwa na mafua. Pombe iliingia mahali pasipofaa, na kila aliyepiga alisikika kama mtu aliyelala kwenye baridi. Na kwa sauti hiyo iliyokwaruza Doudou aliwapa habari za pikapu, mwezi kwa mwezi.

Mara meli imechelewa. Mara meli imefika, lakini pikapu yao ilipanda meli nyingine. Mara iko Dar es Salaam inangoja kushuka. Mara imeshuka, inangoja kamyo la kuibeba. Mara kamyo limepita Zambia, lakini dereva ni mgonjwa, anapumzika kwa dada yake.

— Maman, bientôt, alisema Doudou kila mara, yaani karibuni tu.

— Mwana, bientôt yako iko na miguu ngapi? Sababu miye niko na mbili, na ninafika kila siku.

Lakini huwezi kumkasirikia kijana yule. Kila mara alipiga mwenyewe, hakujificha. Waliojificha ni majirani, nyuma ya mikono yao, wakicheka. Kwenye bomba la maji mwanamke mmoja alisema wazi: "Njo vile. Balinyweshea picha, motoka inasikia haya." Na neno hilo likatembea Naviundu yote haraka kuliko kamyo la Zambia. Edouard akaacha kwenda kunyoosha miguu kwa muda.

Mama Léonie angevumilia kicheko. Kilichomuuma ni kazi. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na kiangazi ni ndoa: kila Jumamosi ndoa, hapa moja, pale mbili. Ilimbidi akodi gari la mtu aliyeitwa Dominique, na Dominique alifika saa ile moyo wake ulipopenda. Siku ya matanga ya mzee mmoja, viti vilifika wakati watu wanarudi kutoka makaburini. Mama Léonie aliona mjane na waombolezaji wamekaa juu ya matofali. Hakulala vizuri juma lile.

Ndipo alipokuja Mama Madeleine. Binti yake, Huguette, alikuwa anaolewa Jumamosi iliyofuata, na karamu ingekuwa katika ukumbi wa parokia, ng'ambo ya daraja. Mama Madeleine ni mtu wa maneno yaliyonyooka. Aliketi, akanywa maji, akasema:

— Mama Viti, nakuheshimu. Weye njo ulileta biti siku ya ndoa yangu miye. Lakini minasikia ya matanga. Kama biti yako itachelewa, niambie leo, nitafute pengine. Sitakasirika.

Mama Léonie alielewa maana yake. Kama Mama Madeleine akitafuta pengine, wote watatafuta pengine. Jina la Mama Viti lingeishia pale, kwenye kikombe kile cha maji.

— Biti itafika mbele ya bantu, akasema. Ninakupa kinywa yangu.

Na kama vile mbingu ilikuwa inasikiliza, Alhamisi ya juma lile simu ikalia kwa mafua yake yote.

— Maman! Inapita! Inavuka mupaka ku Kasumbalesa! Samedi asubui, iko mu lupango yenu!

Edouard alirukaruka kama mtoto. Mama Léonie alimpigia Dominique palepale, akamwambia asihangaike na Jumamosi, asante kwa yote. Ile "asante kwa yote" aliitamka kwa utamu mkubwa. Kisha akaosha viti vyote kwa sabuni na kuvipanga uani, minara kwa minara, mpaka kuku mwekundu akakosa njia ya kwenda kutaga.

*

Jumamosi jua lilitoka safi. Edouard alikuwa amevaa shati lake la zamani la udereva, na amelifungua geti pande zote mbili. Simu ikalia.

— Maman... akasema Doudou, na safari hii mafua hayakuwa ya simu peke yake. Maman, nilisikia mubaya. Kumbe balisema itavuka, miye nikaelewa inavuka. Iko ku upande ya kule. Mulolongo ya makamyo haisonge. Nisamehe, Maman.

Mama Léonie hakupiga kelele. Aliirudisha simu kwa mume wake, akampigia Dominique kwa simu yake mwenyewe. Dominique alikuwa njiani kwenda Likasi na viti vya watu wengine. Akampigia mwenye gari mwingine, na mwingine. Jumamosi ya kiangazi! Hata baiskeli za makaa zilikuwa zimekwisha kukodiwa kubeba kreti za vinywaji.

Akakaa kwenye ngazi ya mlango, mikono juu ya magoti. Mbele yake viti vilisimama kimya, vinang'aa kwa sabuni. Miguu elfu na zaidi, na hakuna hata mmoja unaotembea. Edouard alisimama mbali kidogo.

Hapo wakasikia nyimbo.

Barabarani walikuwa wanakuja Mwaba na watu wake, wote wale wa siku ya picha. Wamevaa vizuri, wengine na kofia. Mwaba amebeba matawi ya maua mekundu ya kupamba uso wa gari. Kwa maana Edouard, maskini, Alhamisi ile hakuweza kujizuia. Alikuwa amekwenda kuwaambia. Walikuwa wamekuja kuipokea motoka, na kwa kuwa ilikuwa inafika mara ya kwanza, kila mmoja alikuwa amekuja na kiu.

Waliingia mpaka katikati ya ua. Wimbo ukafa wenyewe. Mwaba akageuka kushoto, akageuka kulia.

— Mama Viti, motoka iko wapi?

Edouard akafumba macho.

Mama Léonie alisimama kutoka kwenye ngazi, taratibu. Aliwatazama mmoja mmoja, kofia zao, matumbo yao. Na kicheko kikaanza kumpanda.

— Iko, akasema.

— Wapi?

— Ninakutegea.

— Tega, akasema Mwaba, akishangaa.

— Siku ile ya picha, mulikunywa nini?

— Pombe.

— Pombe ya nani?

— Ya... ya motoka.

— Mulibakisha?

— Aba! Mama, hatukubakisha hata kidogo.

— Basi njo ile. Mulikunywa motoka yangu. Mulikunywa moteri, mulikunywa mapine, mulikunywa karoseri. Sasa munaniuliza iko wapi? Iko mu tumbo yenu. Na leo iko na kazi. Itembee!

Na akanyoosha kidole kwenye minara ya viti.

Hata kuku alitoa kichwa dirishani mwa pikapu ya zamani. Kisha Mwaba akaanza kucheka. Alicheka akainama, alicheka kofia ikaanguka, alicheka mpaka akashika mti wa papai asianguke na yeye.

— Mama Viti anatuua! Bandugu, anatukamata! Nani hakukunywa? Anyoshe mukono, aende kwake!

Mmoja aliyeokoka akajaribu:

— Miye nilikunywa sucré tu.

— Weye basi ni rétroviseur, kioo ya pembeni, akasema Mama Léonie. Beba mbili.

Mwaba aliyaweka maua yake juu ya kofia, akauinua mnara wa kwanza kichwani. Akatoa kinywani mlio wa moteri inayowaka. Wa pili akawasha, wa tatu akawasha. Edouard alichukua mfuniko wa sufuria kubwa, kwa sababu nao ulipaswa kwenda, akaushika kwa mikono miwili kama usukani, akapita mbele ya wote.

— Kushoto! akaita. Polepole, daraja iko mbele! Freini!

Na pikapu ikatoka getini. Ilikuwa ndefu, ya watu wengi, na viti vyeupe juu ya kila kichwa. Mama Léonie alifuata nyuma, kitambaa chake chekundu kichwani, kama taa ya nyuma ya gari. Wapanda pikipiki walisimama, wanawake walitoka na miiko mkononi. Mtoto mmoja alipiga kelele juu ya ukuta:

— Biti inatembea! Mukuye muone, biti inatembea!

Mama Léonie alilisikia neno hilo, likamwingia kama chai ya asubuhi. Kitendawili alichokitega tangu usichana wake, leo kilikuwa kimeharibika mbele ya macho yake, na hakikumsikitisha hata kidogo.

Walienda, wakarudi, wakabeba tena. Njiani waliimba, na walipochoka waliketi kidogo juu ya mizigo yao wenyewe, jambo ambalo gari la Dominique halikuwahi kuweza.

Kwenye ukumbi Mama Madeleine alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni, anaangalia barabara. Aliviona viti vinapanda kutoka darajani juu ya vichwa vya watu, na mbele yao mzee mwenye mfuniko wa sufuria. Alivihesabu mpaka safu ya mwisho ilipopangwa. Ukumbi ulikuwa bado mtupu. Mgeni wa kwanza, mjomba wa bwana harusi, aliingia, akachagua kiti, akaketi bila kutazama kama kiko. Ndivyo Mama Léonie alivyopenda watu waketi.

— Na motoka mupya? akauliza Mama Madeleine. Balisema uko na motoka mupya.

— Njo ile, akasema Mama Léonie, akimwonyesha Mwaba anayejifuta jasho. Iko napoza moteri.

Mama Madeleine alimtazama Mwaba, akamtazama Mama Viti, na kicheko kikamtoka puani.

— Mubaikalishe bale bote, akawaambia wapishi. Bakule mbele.

*

Pikapu yenyewe ilifika katikati ya juma, mchana mweupe, Doudou akiiendesha mwenyewe kwa aibu. Ilikuwa na kabini moja. Karoseri yake ilikuwa ndefu. Siti zilikuwa bado na nailoni yake, na Edouard alikataza mtu yeyote asiiguse. Mama Léonie alilaza mnara wa viti nyuma, akafunga mlango. Ukafunga. Akaufungua, akaufunga tena, kwa raha tu ya kuusikia.

Lakini pikapu ilikuwa ya buluu.

— Mwana, akasema, ile ya picha ilikuwa nyeupe.

Doudou akachezea funguo.

— Maman, ile ilikuwa picha ya kuonyesha tu. Natumiaka bantu bote ile moja. Hii njo yenu ya kweli.

Edouard alikuwa ameshaketi ndani, juu ya nailoni. Akatoa kichwa dirishani, mdomo wazi.

— Unasema tulinyunyizia motoka ya nani?

— Ya... siyui, Vieux. Labda haikuwa ya muntu.

Habari hiyo ilifika kwa Mwaba mbele ya jua kushuka. Naye akafika getini na kundi lake lote, uso wake mzito kama wa hakimu.

— Mama Viti, akasema, siku ile ulitushitaki kama tulikunywa motoka yako. Tukakubali, tukabeba. Leo tunasikia ile haikuwa yako. Tulikunywa motoka ya mugeni! Hii ya buluu iko mukavu kabisa. Na shingo yetu inaumia bure. Sasa sema mwenyewe, nani anashinda?

Mama Léonie alifikiri. Alitafuta tundu katika maneno hayo, kama anavyotafuta ufa katika mguu wa kiti, na hakuliona.

— Munanishinda, akasema. Muikale.

Akatoa munkoyo, kinywaji cha mahindi, aliyoitengeneza mwenyewe, Edouard akaenda kuleta pombe na sucré, ile ya aliyeokoka ikawa ya kwanza. Viti vilishuka kutoka kwenye karoseri, na kila aliyebeba akapewa kiti. Doudou naye akakaa, akacheka na wengine alipoona hakuna anayemkasirikia. Kabla ya kunywa, Mama Léonie alichukua maji safi katika kikombe, akamimina kidogo juu ya kila pine, akimimina polepole, na mkono wake mwingine juu ya bati la buluu lenye joto la jua.

Halafu akageuka kwenda jikoni kuongeza masufuria. Lakini Edouard alikuwa amesimama njiani, ameshika kiti.

— Ikala, akasema.

— Baba Mumba, wageni...

— Ikala. Wamekwisha kupata vyote. Hii ni yako.

Basi akaketi. Alishika pande zote mbili za kiti chake, kama anakipima. Kwa miaka yote hiyo aliketisha Naviundu nzima, na hakujua kwamba viti vyake vina mgongo mzuri hivyo. Mbele yake pikapu ilikuwa inang'aa, kuku mwekundu alikuwa ameanza kuizunguka kwa macho ya mpangaji, na watu walikuwa wanacheka.

— Ninakutegea, akamwambia mume wake.

— Tega tu, nitaanguka.

— Nilimukunywa mbele ya kumuona.

Watu wote walipasuka. Mwaba alifungua kinywa ajibu, lakini Edouard alimnyamazisha kwa mkono. Jibu lilikuwa limeandikwa usoni mwake toka sikio hadi sikio, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Alitazama motoka. Alitazama mke wake aliyeketi.

— Siyui, akasema. Kamata Lubumbashi.